Fari ya pikipiki: ampuli gani itakufikisha nyumbani?

Ndugu na dada wa koperative, kwetu Kivu jua linazama karibu na saa kumi na mbili ya jioni, mwaka muzima. Lakini wakati wa mavuno kazi haiishi saa ile. Kahawa nyekundu iliyovunwa leo inapaswa kufika kwa stasio ya kuosha leo. Ikilala ndani ya mufuko inachacha, na ubaya wake unafika mpaka ndani ya kikombe cha munywaji. Njo maana pikipiki zetu zinatembea usiku, na njo maana fari ni chombo cha kazi sawa vile jembe na mizani.

Motari mumoja anayebebea kikundi chake kahawa alichoka na fari yenye kuwaka sawa mushumaa. Akaenda sokoni. Muuzaji akamuwashia ampuli mbili juu ya batiri, moja kisha ingine. Ya pili iling'aa sana, akalipa ile. Siku za kwanza alifurahi. Wiki ya tatu, kwa muteremko, mifuko miwili ikiwa nyuma, akasikia harufu ya plastiki inaungua. Fari ikazimika, ya chini na ya juu kwa mara moja. Alilala kwa watu kandokando ya njia. Asubuhi kahawa ilikuwa imechacha, stasio ikakataa kuichanganya na ya wengine. Hasara haikuwa ya motari peke yake. Ilikuwa ya mama na baba waliovuna tangu asubuhi.

Fundi alipofungua fari, alikuta plagi imeyeyuka, na kile kisahani chenye kurudisha mwanga kimekunjamana. Ampuli ilikuwa nzima! Ila ilikuwa ya gari.

Soma maandishi mbele ya kulipa

Juu ya kila ampuli ya fari kuko namba. Pikipiki nyingi za kubeba mizigo kwetu zinatumia ampuli ya halojeni ya volti 12, wati 35/35, aina ya HS1. Namba mbili zinamaanisha nyuzi mbili: moja ya mwanga wa chini, moja ya mwanga wa juu. Ampuli ya gari, H4, iko na wati 60/55. Kwa macho zinafanana karibu sana, na mutu akilazimisha, H4 inaweza kuingia.

Lakini hesabu inakataa. Wati 35 zinavuta karibu ampea 3, wati 60 zinavuta ampea 5. Waya na plagi za pikipiki ni nyembamba, kisahani mara nyingi ni plastiki, na injini ndogo haitengenezi umeme wa kutosha kulisha fari ile na kujaza batiri pamoja. Chukua namba ile iliyoandikwa juu ya ampuli ya zamani ao ndani ya kitabu cha pikipiki yako. Usipandishe wati.

Na ile ampuli yenye kioo cha rangi ya bluu? Ile rangi inazuia sehemu ya mwanga. Inapendeza ikiwa imesimama, lakini kwa njia unapata kidogo. Chagua kioo cheupe.

Jambo lingine: kwa halojeni, mwanga mwingi na maisha marefu havitembei pamoja. Ampuli inayoandikwa kwamba inaongeza mwanga sana, uzi wake unawaka kwa moto mukali zaidi, basi inakufa mapema. Ile iliyotengenezwa kudumu inawaka chini kidogo. Kwa kazi yetu ya njia mbovu, ampuli ya kawaida ya fabrike inayojulikana, ao ile ya kudumu, inatosha. Mwanga unaokosa, utautafuta mahali pengine, vile tutaona.

LED je?

LED inakula umeme kidogo, haina uzi wa kukatika kwa mashimo, na ile nzuri inadumu miaka. Lakini uliza maulizo matatu mbele ya kununua.

La kwanza: umeme wa fari yako unatoka wapi? Washa injini, kisha panda na ushuke na gazi. Mwanga ukibaki sawa, fari inakula kwa batiri. Ukipanda na kushuka pamoja na gazi, inakula moja kwa moja kwa injini. Hapo LED ya kawaida itatetemeka ao kuungua. Tafuta yenye kuandikwa AC/DC, ao ubaki na halojeni.

La pili: joto litatoka wapi? LED inaogopa joto. Nyuma yake kuko mapezi ya chuma ao kifeni kidogo cha kuipoza. Ukiifunika kabisa na kofia ya mupira, inakufa mapema. Ukiiacha wazi, vumbi na mvua vinaingia ndani ya fari. Ikiwa haina nafasi yake, hiyo si ya pikipiki yako.

La tatu: mwanga unaanguka wapi? Kisahani cha fari kilipimwa kwa uzi wa halojeni. LED nyingi za bei ya chini hazikai pale pale pa uzi, basi mwanga unatawanyika: unapofusha dereva anayekuja, na wewe huoni shimo. Jaribu kwa ukuta mbele ya kumaliza kulipa. Mwanga wa chini uwe na mupaka wa juu unaoonekana. Kama ni wingu tu la mwanga, irudishe.

Mwanga mwingi unapotea njiani

Kabla ya kulaumu ampuli, angalia waya. Ampuli ya halojeni ikikosa asilimia 10 ya volti zake, inapoteza karibu theluthi moja ya mwanga. Na volti zinapotea mahali padogo sana: plagi yenye kutu, kontakti imelegea, waya wa masi umefungwa juu ya rangi na matope. Fungua, paruza mpaka chuma king'ae, kaza, pakaa grese kidogo. Kama fari inakula kwa batiri, fundi apime volti kwa plagi ya ampuli, kisha kwa batiri, taa ikiwa inawaka. Tofauti ikipita nusu volti, kuko ubovu njiani.

Kinyume chake kinaua ampuli. Injini ikizunguka vizuri, batiri inapaswa kuonyesha karibu volti 13,5 mpaka 14,5. Ikipita 15, regulateri imekufa, na itakula kila ampuli utakayoweka, hata ya bei kali. Volti zikizidi kwa asilimia 5 tu, maisha ya halojeni yanapungua karibu nusu.

Wakati wa kuweka halojeni, usishike kioo na vidole. Mafuta ya mukono yanaungua pale, kioo kinapasuka. Shika kwa chuma ao kwa kitambaa safi. Kaza pia misumari ya fari, maana fari yenye kutikisika inakata uzi.

Panga fari ukiwa na muzigo

Hii wengi wanaisahau. Mifuko miwili ikikaa nyuma, nyuma inashuka, fari inatazama miti. Unaona njia giza, unasema ampuli ni mubaya. Fanya hivi: simamisha pikipiki kwa tambarare, mita 10 kutoka ukuta, wewe juu yake na muzigo wako wa kila siku. Pima urefu wa katikati ya fari toka chini, weka alama ya urefu ule kwa ukuta. Mupaka wa juu wa mwanga wa chini uanguke karibu sentimita 10 chini ya alama. Legeza musumari wa fari, panga, kaza. Haiombi hata franga moja. Na kioo cha mbele, kipanguse kila jioni.

Koperative inaweza kufanya nini?

Tuhesabu kwa mufano. Ampuli ya franga 5 000 inayodumu miezi 2 inakula franga 30 000 kwa mwaka. Ya 12 000 inayodumu mwaka inakula 12 000. Lakini motari wa siku ile hana 12 000 mukononi, ananunua ya 5 000. Hapo kikundi kinaweza kusaidia: kununua pamoja ampuli za aina moja, kuziweka kwa depo, motari akakatwa kidogo kidogo kwa malipo ya usafiri. Daftari liandike tarehe ampuli iliwekwa na tarehe ilikufa. Baada ya musimu mumoja mutajua wenyewe gani inadumu, bila kuuliza muuzaji.

Na kila motari abebe ampuli moja ya akiba, imefungwa ndani ya kitambaa. Mwanga wa chini ukikatika njiani, washa wa juu, tembea polepole, inamisha ukikutana na mutu, ubadilishe ukifika.

Yule motari sasa anatumia ya wati 35, masi imesafishwa, fari imepangwa na mifuko nyuma. Haing'ai sokoni. Lakini kahawa inafika ile ile siku.