Hesabu ya Rangi katika Ekrani

Wengi wanauliza: kwa nini picha nzuri inaonyesha mistari-mistari katika kompyuta ya zamani inayotumia Linux? Mara nyingi picha haina kosa. Tutazame kwanza mashini imepewa rangi ngapi.

Ekrani ni vidoti vingi sana, na kila kidoti kinawekewa biti kadhaa za kuandikia rangi yake. Biti 8 zinatoa rangi 256 tu. Biti 16 zinatoa 65,536. Biti 24 zinapita milioni 16. Katika zile 16, nyekundu inapata 5, buluu 5, lakini kijani 6, maana jicho la mtu linatambua kijani kuliko rangi nyingine.

Basi, mbona tusitie 24 po pote? Ni hesabu inayokataza. Ekrani ya vidoti 1024 kwa 768 inataka, kwa biti 16, baiti 1,572,864. Kadi ya kale yenye megabaiti 2 inazibeba. Kwa biti 24 zinatakiwa 2,359,296: hazienei. Ekrani inakataa kufunguka, na mwenye mashini anaitupa akisema imekufa!

Asiitupe. Atoke kwanza katika madirisha, kwani Xorg, programu inayoyachora, haibadili hesabu hii ikiwa kazini. Kisha ajaribu amri hii: startx -- -depth 16. Ikifaa, aandike DefaultDepth 16 katika sehemu «Screen» ya faili /etc/X11/xorg.conf. Amri xdpyinfo itamwonyesha hesabu iliyoshika kweli. Mashini mpya hazina shida hiyo. Zinachukua 24 zenyewe.