Pointi si Vikapu: Lugha ya Takwimu za Mpira wa Kikapu

Takwimu za mchezo wa mpira wa kikapu ni hesabu ya matendo ya kila mchezaji na ya timu nzima, iliyopangwa katika jedwali lenye safu na mistari. Kila mstari hubeba jina la mchezaji, na kila safu hubeba tendo moja: dakika alizocheza, mitupo aliyojaribu, vikapu alivyofunga, mipira aliyodaka, pasi alizotoa. Mstari wa mwisho ni jumla ya timu. Jedwali hilo huonekana jepesi, lakini neno moja likikosewa katika tafsiri, hesabu nzima huharibika.

Mfano unaofaa ni mchezo wa tarehe 2 Machi 1962, uliochezwa katika mji wa Hershey, jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani. Philadelphia Warriors waliwafunga New York Knicks 169 kwa 147, na Wilt Chamberlain peke yake alifunga pointi 100. Mchezo huo haukuonyeshwa kwenye televisheni, wala hakuna picha za video zinazojulikana. Kinachousimulia hasa ni jedwali la takwimu. Anayelitafsiri vibaya hana picha ya kumsahihisha.

Pointi na vikapu

Kosa linalojitokeza mara nyingi ni kuandika kwamba Chamberlain “alifunga vikapu 100”. Sentensi hiyo si ya kweli. Jedwali linaonyesha kuwa alifunga vikapu 36 kati ya mitupo 63 aliyojaribu mchezo ukiendelea, na mitupo huru 28 kati ya 32. Kila kikapu kilikuwa na thamani ya pointi mbili, na kila mtupo huru pointi moja. Hivyo 36 mara 2 ni 72, na 72 kujumlisha 28 ni 100. Hata kama kila mpira uliopita katika pete ungehesabiwa, jumla ingekuwa 64.

“Kikapu” basi ni tendo, na “pointi” ni thamani ya tendo hilo. Neno “alama” linaweza kutumika badala ya “pointi”, mradi mwandishi achague moja na kulishikilia hadi mwisho wa makala. “Goli” na “bao” yaachiwe soka, ambako tendo na thamani yake ni kitu kimoja.

Tofauti hii ina uzito zaidi katika michezo ya baadaye. Ligi ya NBA iliingiza mtupo wa pointi tatu katika msimu wa 1979/80. Kobe Bryant alipofunga pointi 81 dhidi ya Toronto Raptors tarehe 22 Januari 2006, alipata vikapu 28, na kati ya hivyo saba vilikuwa vya pointi tatu. Mfasiri asidhani kwamba vikapu saba vya pointi tatu ni nyongeza juu ya vile 28, kwa maana vimo ndani yake. Hesabu sahihi ni vikapu 21 vya pointi mbili, ambavyo ni pointi 42, saba vya pointi tatu, ambavyo ni 21, na mitupo huru 18. Jumla ni 81.

Ribaundi, asisti na kuzuia

“Ribaundi” ni mpira unaodakwa baada ya mtupo kukosa kikapu. Neno hili la mkopo limezoeleka, nalo huchukua upatanisho wa ngeli ya I-/ZI-: “ribaundi 25 alizochukua Chamberlain”. Anayetaka kueleza bila mkopo aseme “alidaka mipira 25 iliyorudi”. “Asisti” ni pasi inayomwezesha mwenzake kufunga kikapu. Si kila pasi nzuri ni asisti: mpokeaji akikosa kufunga, pasi haihesabiwi. Kwa hiyo “alitoa pasi mbili” si tafsiri ya asisti mbili za Chamberlain usiku ule. “Alitoa asisti mbili” au “pasi mbili zilizozaa vikapu” ndiyo sahihi.

“Kupora mpira” na “kupoteza mpira” nayo hayalingani. Mpira ulioporwa ni hasara kwa mpinzani, lakini mpira unaweza pia kupotea kwa kutoka nje au kwa mchezaji kukanyaga mstari, bila mtu yeyote kuupora. “Kuzuia mtupo”, ambako wengine huita bloki, ni kuugusa mpira uliokwisha kutupwa na kuuzuia usifike kwenye pete. Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza katika NBA, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, alijulikana tangu chuoni Connecticut kwa ustadi huo. Kuandika tu kwamba “alikuwa mlinzi mzuri” kunaficha tendo lenyewe.

Nafasi tupu si sifuri

Katika jedwali la mwaka 1962 hakuna safu ya kuzuia wala ya kupora. NBA ilianza kuyaandika rasmi matendo hayo katika msimu wa 1973/74, Chamberlain akiwa hachezi tena katika ligi hiyo. Anayejaza sifuri katika nafasi hizo anasema kwamba Chamberlain hakuzuia mtupo wowote, ilhali ukweli ni kwamba halikuandikwa. Kwa Kiswahili iandikwe “haikurekodiwa”, au nafasi iwekewe kistari.

Wastani na asilimia

“Jumla”, “wastani” na “asilimia” ni maneno matatu yasiyobadilishana nafasi. Katika msimu wa 1961/62 Chamberlain alifunga jumla ya pointi 4,029 katika michezo 80, yaani wastani wa pointi 50.4 kwa mchezo. Katika mchezo wa Hershey, asilimia yake ya vikapu ilikuwa 57.1, na ya mitupo huru 87.5. Neno “asilimia” hutangulia tarakimu: “asilimia 57.1”.

Asilimia ya timu haipatikani kwa kutafuta wastani wa asilimia za wachezaji. Tuseme mchezaji mmoja amefunga mitupo 5 kati ya 10, na mwingine 2 kati ya 2. Wa kwanza ana asilimia 50, wa pili 100. Wawili hao kwa pamoja wamefunga 7 kati ya 12, ambayo ni asilimia 58.3, wala si 75.

Wakati mwingine takwimu iliyo sahihi huonekana kama kosa la chapa. Msimu huohuo Chamberlain alicheza wastani wa dakika 48.5 kwa mchezo, ingawa mchezo wa NBA una dakika 48, yaani robo nne za dakika 12. Mhariri mwenye haraka angeweza kuifuta nukta tano hiyo. Sababu yake ni muda wa ziada, ambao huongezwa timu zinapotoka sare.

Jambo la kufanya kabla ya kuchapisha ni rahisi: vikapu vizidishwe kwa thamani yake, mitupo huru ijumlishwe, na pointi za wachezaji zilinganishwe na za timu. Hesabu isipokubali, neno mojawapo limetafsiriwa vibaya, na litafutwe kabla msomaji hajalikuta.