Oili Kwenye Rejeta: Kabla Hedi Haijafunguliwa

Mwenye gari akifungua kifuniko cha rejeta asubuhi akakuta maji yamegeuka uji wa rangi ya chai ya maziwa, hukumu huwa imeshatolewa kabla fundi hajafika: gasketi ya silinda hedi imeungua. Jirani atasema hivyo, mpita njia atasema hivyo, na fundi naye akifika na spana zake huenda asiwe na sababu ya kuwapinga. Hedi inafunguliwa, inapelekwa kuchongwa, gasketi mpya inanunuliwa, gari linafungwa, kisha baada ya wiki mbili uji ule ule unarudi. Hukumu hiyo haikutolewa na wajinga, kwa maana gasketi huungua kweli. Kosa lake ni kwamba imemkamata mshukiwa mmoja wakati wako watatu, tena imeanza na yule ambaye kumchunguza ni ghali kuliko wenzake. Ninachodai hapa ni kwamba mwenye gari akiwa nyumbani, kwa vitu vichache na subira ya siku moja, anaweza kukusanya ushahidi wa kutosha kujua kama zamu ya kwanza ni ya hedi au ya kipoza oili.

Kipoza oili ndicho kile ambacho gereji hukiita oili kula, jina la kuchekesha kidogo kwa sababu kikiharibika huanza kula oili kweli. Ni kifaa kidogo chenye njia mbili zilizotenganishwa na bati jembamba: upande mmoja inapita oili ya moto ya injini, upande wa pili yanapita maji ya rejeta, na joto linavuka bati bila vimiminika hivyo kugusana. Kwenye Volkswagen nyingi na Subaru zenye tabo kimekaa kati ya filta ya oili na bloku. Kwenye Land Cruiser yenye injini ya 1HZ kimefichwa ubavuni mwa bloku nyuma ya kifuniko chake. Magari mengi madogo ya petroli hayana kabisa, na hilo ndilo jambo la kwanza la kuthibitisha, maana huwezi kukituhumu kitu ambacho gari halina. Mshukiwa wa tatu ni kipoza cha gia boksi ya otomatiki, ambacho katika magari mengi kimo ndani ya rejeta yenyewe. Huyu husahaulika sana, ingawa rangi humtaja: oili nyingi za gia boksi ya otomatiki ni nyekundu, na zikichanganyika na maji hutoa povu la pinki kama maziwa ya stroberi. Ukiliona povu la namna hiyo, iache injini, chomoa stiki ya gia boksi kama ipo, na usiliendeshe gari hata kufika kona ya mtaa, kwa kuwa maji huziharibu klachi za gia boksi upesi.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ni presha. Injini ikiwa katika mwendo, pampu husukuma oili kwa presha ya bar tatu hadi tano hivi. Maji ya rejeta hayafiki huko. Soma kifuniko cha rejeta cha gari la Kijapani na mara nyingi utakuta 0.9 au 1.1, na hiyo ndiyo presha ambayo kikizidishiwa kinafunguka. Kwa hiyo bati la kipoza likitoboka, injini ikiwa kazini ni oili inayoingia kwenye maji. Ukizima injini mambo yanageuka: presha ya oili inashuka mpaka sifuri papo hapo, lakini maji bado ni ya moto na bado yamebanwa, hivyo sasa yana nafasi ya kupenya kwenda upande wa oili. Ndiyo maana kipoza kilichotoboka kwanza huchafua rejeta, na stiki ya oili inaweza kubaki safi kwa muda. Gasketi iliyoungua kati ya silinda na njia ya maji ina tabia nyingine. Kinachovuja hapo ni gesi ya mlipuko, ambayo presha yake inazidi hizo zote mara nyingi, na gesi haijifichi: mipira ya maji inakuwa migumu dakika chache baada ya kuwasha wakati injini bado ni vuguvugu, mapovu yanapanda mfululizo, moshi mweupe unatoka, na gari linachemsha.

Kipimo cha mapovu kinafanywa injini ikiwa baridi kabisa. Maji yaliyobanwa kwa bar moja huchemka karibu na nyuzi 120, kwa hiyo kufungua kifuniko injini ikiwa moto ni kujimwagia mvuke usoni. Jaza maji mpaka shingoni, washa injini, kisha tazama. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyojificha kwenye mipira na hayana maana. Yakiendelea kama sufuria ya wali, na kuongezeka unapokanyaga mafuta, hedi imejishtaki yenyewe. Kwa mwenye injini ya petroli kuna pia dawa ya buluu inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya gereji. Hewa ya rejeta ikivutwa kupitia dawa hiyo na kukawa na gesi ya moshi ndani yake, buluu hugeuka manjano.

Upande wa oili nao una kipimo chake, na hiki kinahitaji macho ya karibu. Wengi hufungua kifuniko cha kujazia oili, wakaona utando wa rangi ya krimu, wakapigwa na butwaa. Utando wa hapo peke yake si ushahidi. Gari la safari fupi katika hali ya hewa ya baridi na ukungu hukusanya unyevu chini ya kifuniko hicho, na ukienda safari ndefu unakauka. Chota oili ya kwenye stiki badala yake. Pasha moto kipande cha bati nje ya nyumba, mbali na petroli na watoto, ukiwa umevaa miwani, kisha dondosha tone moja tu. Oili safi inatawanyika kimya na kung'aa. Oili yenye maji inatatarika, pa-pa-pa, kama kitunguu kibichi kilichotupwa kwenye mafuta. Njia nyingine ni kuliacha gari lilale usiku kucha bila kuwashwa, kisha asubuhi kulegeza polepole nati ya kumwagia oili. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yale ambayo hayajakorogeka yatakuwa yametuama chini na yatatangulia kutoka.

Sasa hapa pana pingamizi ambalo fundi mzuri atalileta, na ana haki. Gasketi ya hedi haizibi gesi tu; katika injini nyingi inapitisha pia oili inayopanda kwenda juu. Ikikatika kati ya tundu la oili na tundu la maji, oili itaingia kwenye rejeta bila povu hata moja, na dalili zote zitafanana na za kipoza. Kwa hiyo kukosekana kwa mapovu hakuthibitishi kwamba hedi ni salama. Nakubali kabisa. Lakini pingamizi hilo linaeleza vipimo vya nje peke yake vinaishia wapi. Halielezi kwa nini tuanze na hedi. Ikiwa washukiwa wawili wana dalili zilezile, anatangulia yule anayefunguliwa kwa nati chache na kufungwa tena bila kuharibu kitu. Kipoza ndiye huyo kwenye magari mengi. Hedi ikifunguliwa inadai gasketi mpya, mara nyingi na bolti mpya, na pengine kuchongwa, hata kama ilikuwa haina kosa.

Kipoza kikitolewa, kipimo chake ni cha beseni, kama kile cha kuziba pancha ya baiskeli. Kioshe kwa dizeli kisha kwa maji na sabuni, kikauke. Ziba tundu moja la upande wa oili kwa plagi ya mpira iliyokazwa vizuri, kwenye tundu la pili funga mpira wenye valvu ya tairi, kisha kizamishe kwenye beseni la maji ya moto, moto ambao mkono hauwezi kuuvumilia. Jaza upepo kwa pampu ya baiskeli yenye geji mpaka bar mbili, na usitumie kompresa iliyoachwa wazi, kwa sababu plagi ikichomoka huruka kama risasi. Tikisa kipoza ili mapovu yaliyonasa nje yaondoke, halafu subiri dakika kumi. Uzi mmoja mwembamba wa mapovu ukitoka kwenye tundu la upande wa maji, kazi imeisha. Maji ya moto hayapo kwa urembo: ufa mdogo kwenye alumini unaweza kuziba ukiwa baridi na kufunguka joto likipanda, na kipoza kilichopimwa kwenye maji ya bomba kikasifiwa kwamba ni kizima kinaweza kurudi kwenye gari na ugonjwa wake.

Tena kinaweza kufaulu beseni na bado kikawa ndicho chenye hatia, kwa njia ya pembeni. Beseni linapima mwili wa kipoza. Halipimi oringi na gasketi zinazokaa kati yake na bloku. Mipira hiyo hukauka kwa miaka ya joto, ikawa migumu kama plastiki na bapa upande mmoja. Jaribu kuikunja kwa vidole: inayovunjika badala ya kupinda imekwisha kazi. Ukishafungua, weka mipya hata kama ya zamani inaonekana nzuri, kwa kuwa bei yake haiwezi kulinganishwa na kazi ya kufungua mara ya pili.

Kwa nini bati linatoboka? Kwa sehemu kubwa ni maji tunayojaza. Dhana kwamba kulanti ni dawa ya barafu ya Wazungu, na kwamba nchi ya joto haiihitaji, imeua vipoza vingi. Kuzuia maji yasigande ni kazi moja tu ya kulanti. Nyingine ni kupandisha kiwango cha kuchemka na kulinda alumini isiliwe. Maji ya kisima cha pwani yenye chumvi chumvi hufanya kinyume chake, hutafuna alumini polepole kutoka ndani ambako hakuna anayeona.

Baada ya kubadilisha kipoza, rejeta huoshwa mara kadhaa kwa dawa ya kukata grisi, na oili ya injini pamoja na filta hubadilishwa ikiwa maji yalifika huko. Maji machafu ya kulanti yasimwagwe uani, yana ladha tamu na ni sumu kwa mbwa na kwa mtoto. Usishtuke ukiona mng'ao wa oili tena kwenye rejeta siku chache baadaye; masalia hujificha kwenye hita na kwenye kona za bloku. Futa kwa karatasi, tazama kila asubuhi: masalia hupungua, uvujaji huongezeka. Kagua pia mipira ya maji, ambayo haikutengenezwa kuishi na oili. Mpira uliolowa oili kwa miezi huvimba na kulegea kama embe lililoiva kupita kiasi, na ukiubonyeza ukabaki na alama ya kidole, ubadilishe siku hiyo hiyo, kabla haujapasuka mlimani ukamwaga kulanti mpya yote barabarani.