Moto wa Njoro, Tanuri la Odundo (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliwaacha wafu wa Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru, wamelazwa wakiwa wamekunjwa magoti, wanawake na sahani zao za mawe, wanaume mikono mitupu. Leo tunapanda Njoro.

Mwaka 1938, wanaakiolojia Mary Leakey na mumewe Louis walichimba pango kando ya Mto Njoro. Humo mlikuwa na mabaki ya watu karibu 80, waliochomwa moto yapata miaka 3,000 iliyopita na kuwekewa bakuli za mawe, mawe ya kusagia, michi na shanga tele. Mawe kudumu si ajabu. La ajabu ni kibuyu, kamba, na chombo cha mti kilichonakshiwa. Vingezikwa vibichi, mchwa wangevimaliza zamani. Moto ulioteketeza miili ndio uliovigeuza makaa, na mchwa hali makaa.

Ukitoka pangoni na picha hiyo ya moto unaohifadhi, hutaitazama tena kazi ya mfinyanzi Magdalene Odundo kama mitungi tu.

Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusoma. Miaka michache baadaye alifika Abuja ya wakati huo (Suleja ya leo), Nigeria, akajifunza kwa wafinyanzi wanawake, Ladi Kwali miongoni mwao. Gurudumu hatumii. Huinua udongo kwa mkono, pindi juu ya pindi, kisha huusugua mpaka ung'ae. Moto wa kwanza huutoa na rangi ya chungwa. Chombo kikirudishwa tanurini pamoja na vipande vya mbao, hewa ikabanwa, hutoka cheusi.

Kiswahili kilishatangulia kuona mwili hapo: mtungi una mdomo, shingo na tumbo. Vyombo vya Odundo vina zaidi, vinundu kama pingili za uti wa mgongo, na shingo zinazorefuka kwenda nyuma mithili ya vichwa vya wanawake wa Mangbetu wa Kongo, waliokuwa wakifungwa vichwa tangu uchanga.

Kumwita mfinyanzi na kuishia hapo ni kumpunja. Mwaka 2014 alining'iniza vipande 1,001 vya kioo, wazo likiwa limetoka kwenye pambo dogo la sikio la Misri ya kale. Sikio lenyewe lilioza zamani, pambo lipo.

Wiki ijayo tutashuka Kariandusi, karibu na Elementaita, ambako chokaa ile nyeupe inayochimbwa si chokaa hata kidogo: ni magamba ya mwani mdogo mno, uliokufa katika ziwa ambalo halipo tena.