Lipisha kichwa yako mbele ya mashini

Bajene ba Butembo na Beni, tusidanganyane: huku kwetu kipara haishangaze mtu. Unaikala kwa kwafere wa kartie, mashini inalia, kisha kidogo uko unang'aa. Ukitoka mu njia, hata motari hatageuza shingo. Sasa ule mwenye ananyoa "juu ya batoto benye kansere", anatupa foto mu stati, anangojea sifa, amesaidia nani? Nywele yenye iko chini haijanunua hata kidonge.

Ona benye balianzisha ile mambo. Tarehe 17 Machi 2000, New York, mu bari moja inaitwa Jim Brady's, banaume ba kazi ya asiransi balipatana: vichwa 17, dola 17,000. Siku yenyewe vichwa 19 njo vilipita mu mashini, na makuta ikapita dola 104,000. Pale njo St. Baldrick's, ile kazi ya kunyoa juu ya batoto benye kansere, ilizaliwa. Siri yao? Kila mtu alilipisha kichwa yake. Kipara ilikuwa paka risiti.

Na juu ya nini kipara? Dawa ya kansere inapiga seli zenye zinaongezeka mbio, na mizizi ya nywele iko kati yao. Njo maana nywele ya mtoto inaanguka. Dawa ikiisha, kwa kawaida inarudi. Ukinyoa pamoja naye haumponyeshe, me darasani hatakuwa peke yake mwenye banacheka.

Usiseme hii ni mambo ya Bulaya. Mu 1957, ku Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt aliona mtoto mwenye mataya yake ilivimba pande zote: ilikuwa kansere, ile tunaita leo ya Burkitt. Mu 1961 akapanda gari, akatembea karibu kilometre 16,000, akiulizia hospitali moja moja. Akakuta ile kansere inafuata joto, mvua na malaria; karibu na ekweta, ukipita mita 1,500 inakuwa nadra. Sasa angalia kwetu: Butembo iko juu ya mita 1,700 na makoti yake, Beni iko chini na mbu zake. Bana Beni, taya ao tumbo ya mtoto ikivimba, meno ikianza kulegea, usingojee. Na wewe wa Butembo usijivune: batoto banatembea, na kansere ya damu haiulize mulima.

Kitu inauma ni hii: kansere mingi ya batoto inapona. Mu inchi tajiri zaidi ya 80 kwa 100 banapona. Mu inchi za makuta kidogo, OMS inasema chini ya 30. Banachelewa kujua, dawa inakosa, ao familia inaishiwa franga na kuacha katikati. Njia ya Kasindi tunaijua kwa biashara. Ni ile ile inafika Kampala, kwenye Uganda Cancer Institute, yenye ilianza mu 1967 na batoto ba kansere ya Burkitt. Me transporti, chakula na kitanda ya mama kwa miezi, nani atalipa?

Pale njo kichwa yako inaweza kufanya kazi. Likelemba tunaijua tangu zamani. Mukusanyike, kila mtu atafute benye batalipia kichwa yake, majina iandikwe mu kaye. Kesi ishikwe na mama wa soko mwenye kuheshimiwa, hapana ule peti wa ambianse. Kila wiki hesabu isomwe mbele ya bote: iliingia ngapi, ilitoka ngapi, ilienda kwa nani. Tulipita Ebola ya 2018 mpaka 2020, tuliona makuta ya Riposti, kila mtu akauliza nani anakula. Bila hesabu, hakuna mtu atakulipia hata nusu ya kichwa.

Basichana nabo basilazimishwe. Me dada akikubali, bei ipande: bote tunajua meshi na kusuka ni ngapi.

Na ile telefone ya kujipiga foto, itumie vizuri. Ukipiga mtoto na flashi, jicho moja ikionekana nyeupe katikati mara kwa mara, apelekwe mbio kwa daktari wa macho. Inaweza kuwa kansere ya jicho, na ikijulikana mapema inatibiwa.

Kama hujapata hata mtu moja wa kulipa, chunga nywele yako, rudi kutafuta. Kwafere haendi fasi.