Kuondoa Kitabu Katika Maktaba ya Skuli: Ipi Hukumu Yake?

SWALI: Mimi ni mwalimu Butimba, Mwanza, nasimamia maktaba ya skuli ya serikali. Baadhi ya wazazi wa Kiislamu wanataka nivichane kimya kimya vitabu wanavyosema vinaharibu maadili. Nifanyeje?

JIBU: Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Maswahaba zake.

Ama baada ya hayo, asili ya jambo hili ni malezi. Suratut-Tahrim, aya ya 6, inatuamrisha tujikinge na Moto sisi na ahli zetu. Kumzuilia mtoto kitabu kisichomfaa si dhulma. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 maskulini, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa hoja ya kwenda kinyume na mila, desturi na maadili. Kilichomo katika orodha ile kiondoe, huna lawama.

Ama kisichokuwemo, kina masharti matatu.

Kwanza, kisomwe chote. Suratul-Israa, aya ya 36, inakataza kufuata tusilolijua. Wengi wanaolalamika wameona ukurasa mmoja tu, uliorushwa kwa simu. Ihyaa ya Imam al-Ghazali ilichomwa moto Cordoba kwa fatwa za mafakihi; leo inadarisishwa misikitini kwetu. Wala kutaja mwili si uchafu peke yake: Safinatun-Najaa, tunayowasomesha watoto madrasa, inaeleza hedhi na janaba. Linaloangaliwa ni lengo la kitabu na umri wa msomaji.

Pili, mamlaka. Vitabu hivyo si vyako wala vya wazazi hao. Ni mali ya umma uliyokabidhiwa, na kuvichana kwa siri ni khiyana. Waambie waandike jina la kitabu, ukurasa na sababu. Mkabidhi mkuu wa skuli, ayafikishe kwa wenye dhamana ya elimu. Wakati jibu linasubiriwa, mwalimu anaweza kuchagua nani anaazimwa kitabu hicho kwa umri wake.

Tatu, uadilifu. Skuli ya serikali ina watoto wa dini zote. Kitabu hakiondolewi kwa kuwa tu kimetaja Krismasi. Tukumbuke pia kwamba kitabu cha Hamza Njozi juu ya mauaji ya Mwembechai, kilichotoka mwaka 2000, kilipigwa marufuku na serikali, na wengi wetu tukasema hoja hujibiwa kwa hoja. Mzani ule ule tuutumie leo, hata unapotuelemea.

Mwisho, tunawanasihi wazazi wa Butimba: rafu ikibaki tupu, mtoto atakwenda kusoma kwenye simu, ambako hakuna mwalimu wa kumuangalia. Anayetaka kitabu kimoja kiondoke, na alete viwili vyema mahali pake.

Wallahu aalam.