Mwanafunzi Mwenye Ulemavu na Haki Yake ya Kazi

Mzazi wa Unguja au Pemba ambaye mwanawe mwenye ulemavu anamaliza masomo Nachingwea au Ruangwa hujiuliza: nani atamwajiri?

Tunamkumbusha kwanza Abdullah bin Ummi Maktum (Radhiya Allaahu 'anhu). Alikuwa kipofu, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimfanya muadhini, tena akamwachia Madina alipotoka safarini. Alipewa kazi, hakupewa huruma tu.

Pili, kijana aijue sheria. Zanzibar ina yake. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Akiitwa kwenye usaili, aseme wazi anachohitaji: njia ya kiti cha magurudumu, maandishi makubwa au mkalimani wa lugha ya alama.

Anayetaka kujiajiri aulizie halmashauri ya wilaya. Katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia 2 ni ya wenye ulemavu, nayo haina riba.

Basi tusiwafiche watoto wetu majumbani. Tuwasindikize hadi mlangoni mwa ofisi.

Wallaahu a'lam.